Mazingaombwe ya karata si uchawi

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuweke kando siasa na bei ya vitu sokoni, tuzungumzie karata. Najua wapo watakaokunja uso. Kwa wengi wetu neno hilo linanuka kamari, na mtu mzima akionekana na pakiti ya karata mfukoni huhesabiwa kuwa ama hana kazi, ama anatafuta fedha ya mwenzake. Lakini mimi nataka nikufundishe mazingaombwe manne mepesi ya kuwachezea rafiki zako jioni, ambayo hayahitaji chombo chochote zaidi ya pakiti ile ile inayouzwa kioski. Na nitakufundisha huku nikikueleza undani wake wote bila kuficha, kwa sababu ninayo sababu, nayo nimeipata Mkoa wa Mara.

Nilikuwa huko kwa shughuli za ukoo, siku kadhaa Tarime na siku kadhaa Wilaya ya Serengeti, jirani na Mugumu. Aliyewahi kukaa kwenye mji wa Mkurya anajua kwamba jioni ni ndefu. Ng'ombe wamekwisha ingia zizini, ugali wa muhogo na ulezi umeliwa, watoto wamezunguka, na mgeni kutoka mjini anatazamiwa awe na jambo la kusema. Mimi si mwimbaji, wala siwezi kupiga litungu. Nikatoa karata.

Kabla ya mchezo wenyewe tukubaliane juu ya majina. Karata zetu zina aina nne: kopa na uru ambazo ni nyekundu, pao na shupaza ambazo ni nyeusi. Majina hayo yote ni mabaki ya Wareno, ambao walifika pwani yetu mwaka 1498 na kukaa Mombasa hadi walipofukuzwa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Wao husema copas, ouros, paus na espadas. Na karata yenyewe ni carta, na turufu ni trunfo. Hata lile jina la ajabu, mzungu wa nne, ambalo vijana wa siku hizi hucheka wakilisikia, lina sababu yake. Katika michezo ya kuhesabu pointi tuliyorithi kutoka kwao, ree ina pointi kumi na moja, saba ina kumi, na mfalme ana nne. Ndiyo maana yeye ni mzungu wa nne. Ngome ilitekwa, Wareno wakaondoka, karata zikabaki vijiweni. Nadhani hakuna urithi wao unaoshikwa na mikono mingi zaidi kila siku.

Sasa tuanze. Mchezo wa kwanza ni wa karata jirani, nao ndio msingi wa mambo mengi.

Changa karata mbele ya watu, au bora zaidi, mpe mwenzako azichange yeye. Unapozipokea na kuzigonga mezani ili zikae sawa, tupia jicho karata ya chini kabisa. Usiitazame kama mtu anayesoma barua, ione tu. Tuseme ni saba ya pao. Hiyo ndiyo siri yote, na imekwisha kabla wenzako hawajajua kwamba mchezo umeanza. Zitandaze karata mgongo juu, mwambie rafiki yako achague yoyote, aitazame, awaonyeshe wenzake, wewe ukiwa umegeuza uso. Zikusanye, ziweke mezani, aiweke karata yake juu kabisa. Kisha mwambie akate: achukue karibu nusu ya juu aiweke pembeni, halafu nusu ya chini aiweke juu yake.

Angalia kilichotokea. Saba ya pao iliyokuwa chini kabisa sasa imekalia karata yake. Mwambie akate tena, na tena, hata mara tano. Watu hudhani kukata ni kuchanganya, kumbe sivyo. Karata zinazokatwa ni kama watu waliokaa duara kuzunguka moto; ukianza kuwahesabu hapa au pale, jirani wa fulani atabaki kuwa jirani yake. Hatimaye chukua fungu na uanze kufunua moja moja kutoka juu. Ukiiona saba ya pao, itakayofuata ndiyo yake. Ikitokea saba ya pao imekuwa ya mwisho kabisa, basi yake ilikuwa ile ya kwanza uliyofunua. Cha kufanya ni kutokusimama mara moja. Pita, funua nyingine tatu au nne huku ukikumbuka, halafu useme, “Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako.” Atakucheka, kwa sababu ameiona yake ikipita. Hapo unainyosha mkono mpaka kwenye zile zilizokwisha funuliwa, unaichukua yake, unaigeuza kifudifudi. Umeigeuza, kama ulivyosema.

Pale Mugumu mchezo huu ulipigiwa makofi na watoto. Lakini mchezo wa pili ndio uliomfanya mzee mmoja avute kigoda chake karibu.

Mzee huyu ni baba mkwe wa ndugu yangu, mtu wa maneno machache. Mchezo wenyewe ni wa karata ishirini na moja. Unazigawa zikiwa wazi katika safu tatu, moja kushoto, moja katikati, moja kulia, na tena kushoto, mpaka kila safu iwe na karata saba. Mtu anachagua moja kwa macho tu, haigusi, anakuambia iko safu gani. Unakusanya safu zote, ukihakikisha kwamba ile aliyoitaja inakaa katikati ya nyingine mbili. Unagawa tena vile vile, unauliza tena, unakusanya vile vile. Mara ya tatu hivyo hivyo. Sasa hesabu: karata ya kumi na moja ndiyo yake. Huhitaji kuona wala kukumbuka chochote.

Mzee alichagua karata yake akiwa ameniangalia machoni muda wote, kusudi nisiyafuate macho yake. Nilipoitaja hakucheka. Aliuliza, “Mura, aliyekufundisha alikudai nini?”

Nikamwambia, “Mzee, hakunidai kitu. Ni hesabu.”

Hakuridhika, na alikuwa na haki. Nikamwomba achague nyingine aniambie waziwazi, nikaikunja pembe kidogo ili aifuate kwa macho yake mwenyewe. Safu aliyoitaja ilipowekwa katikati, karata yake ilikuwa mahali fulani kati ya ya nane na ya kumi na nne, kwa kuwa karata saba zilitangulia na saba zilifuata. Tulipogawa tena, zile saba za katikati zilitawanyika katika safu zote tatu, lakini haziwezi kufika kichwani wala mkiani: lazima ziangukie mstari wa tatu, wa nne au wa tano. Akaitaja safu yake, nikaiweka katikati. Sasa karata yake ni ya kumi, ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Tulipogawa mara ya tatu, hizo tatu zote zilianguka mstari wa nne, moja kila safu. Hapo mzee mwenyewe akaona: akishataja safu, karata yake ni ile ya katikati ya safu hiyo, haina pa kujificha. Kila swali ni kama kufunga mlango mmoja wa zizi.

Akaifuata mara mbili kwa kidole. Kisha akanyamaza kitambo, akasema, “Basi yule wa mwaka ule alikula mbuzi wangu bure.”

Hapo ndipo iliposimuliwa habari ambayo imenifanya niandike haya. Miaka mingi iliyopita vitu vilipotea pale nyumbani, na akaja mpita njia aliyejiita mtaalamu. Alikuwa na pakiti ya karata. Alizitaja karata nne kuwa ndizo majirani wanne, huyu wa upande wa mto, yule wa kilimani, na kadhalika. Hakuzikata yeye, alimwambia mwenye mji azikate kwa mkono wake mwenyewe. Akakata. Karata iliyotoka ilikuwa ya jirani wa kilimani. Mtaalamu akasema, “Sikumtaja mimi, umemtaja wewe.” Akapewa mbuzi, akaenda zake. Jirani yule hakupigwa, Mungu saidia, lakini hakuna aliyemwomba moto wala kumpa maji tena. Baada ya mavuno mawili akahama na watu wake.

Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu: mkono ulikuwa wake, je, karata ilitokaje?

Nilimwonyesha, na sasa nakuonyesha na wewe, kwa sababu huu ndio mchezo wangu wa tatu, na katika yote manne ndio mwepesi kuliko yote. Uijue karata ya juu kabisa ya fungu. Iandike jina lake kwenye kipande cha karatasi, ukikunje, mpe mtu akikalie. Weka fungu mezani. Mwambie mwenzako akate popote apendapo, sehemu ya juu aiweke mezani pembeni. Wewe chukua sehemu ya chini iliyobaki, uiweke juu ya ile aliyoikata, lakini kwa kukingama, kama msalaba. Sema, “Hii ni alama ya mahali ulipokata.” Sasa ongea. Mkumbushe kwamba alikuwa huru, kwamba angeweza kukata mapema au baadaye, kwamba hukumshika mkono. Muulize ile karatasi iko wapi. Anapotazama karatasi, nusu dakika imepita, na katika nusu dakika hiyo amesahau ni nusu ipi iliyokuwa juu na ipi ilikuwa chini. Inua sehemu ya juu, mwambie aichukue karata iliyo mbele yake, “pale pale ulipokata.” Ataifunua, na itakuwa ile uliyoiandika.

Haikuwa pale alipokata hata kidogo. Ni karata ya juu kabisa ya fungu, ambayo haijahama tangu mwanzo. Angeweza kukata kwenye karata ya tano au ya arobaini, ingekuwa ile ile.

Mzee aliufanya mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu alimfanyia mke wake, naye akashtuka, na ndiyo mara pekee nilipomwona mzee yule akicheka, ingawa hakikuwa kicheko cha furaha sana. Jirani wa kilimani alikuwa amekwisha kufa huko alikohamia.

Ndugu msomaji, unaweza kuniambia kwamba ninafichua siri za watu wa mazingaombwe na kuwaharibia riziki. Sivyo. Mwanamazingaombwe hodari anayepanda jukwaani hategemea hila hizi tatu za watoto, na tena yeye amekwambia mapema kwamba anakuchezea. Umelipa kiingilio, umechezewa macho, umefurahi, umekwenda nyumbani. Mkataba wenu ni wazi. Anayestahili kuharibiwa riziki ni yule anayetumia mkono ule ule, lakini akakuambia kwamba ni mizimu.

Wala jambo hili si la Mara peke yake, wala la Afrika peke yake. Mwaka 1584 huko Uingereza bwana mmoja wa Kent aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu kikubwa cha kupinga mateso ya watu, wengi wao akina mama wazee na maskini, waliokuwa wakishitakiwa uchawi. Ndani ya kitabu hicho aliingiza sura nzima zinazoeleza hila za karata, za sarafu na za vibumba vinavyopotea chini ya vikombe. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukiwa umekwisha kuona jinsi mkono wa kawaida unavyofanya maajabu, utachelewa kidogo kumtuhumu jirani yako. Kitabu hicho husomwa mpaka leo na watu wa mazingaombwe kama mojawapo ya vitabu vya kwanza vya kazi yao kwa Kiingereza, ingawa hakikuandikwa kwa ajili yao.

Na wapo waliokwenda kinyume. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mtu wa mazingaombwe maarufu, Robert-Houdin, ili awaonyeshe wenyeji kwamba miujiza ya Wafaransa inazidi ile ya masharifu waliokuwa wakiwachochea kupinga utawala. Alikuwa na sanduku jepesi ambalo hata mtoto angeweza kuliinua, halafu shujaa mwenye misuli akashindwa kulisogeza. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na sanduku lilikuwa na chuma. Mimi nikisoma habari hiyo huwa sijui nicheke au nikasirike. Hila ni ile ile. Tofauti ni nani anaambiwa ukweli, na lini.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928, na inamhesabia kosa hata mtu anayejidai tu kwamba anao uwezo huo. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati huo nchi ikiwa imechafuliwa jina na mauaji ya wenzetu wenye ulemavu wa ngozi, hasa Kanda ya Ziwa. Lakini sheria haifiki kila mji wakati wa jioni. Pakiti ya karata inafika. Sisemi neno baya juu ya mganga anayejua mizizi na majani yake. Huyo ana elimu yake na wagonjwa wake. Nasema juu ya yule anayetaja majina ya watu.

Sasa tuhamie stendi, kwa sababu msomaji wa mjini anaweza kudhani mambo ya mbuzi na jirani wa kilimani hayamhusu. Karata tatu zinamhusu.

Barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Musoma, ikavuka Mto Mara pale Kirumi, ikapita Tarime na kuishia mpakani Sirari, ni barabara ya watu wenye fedha taslimu. Kuna aliyeuza ng'ombe mnadani, kuna anayekwenda kununua bidhaa, kuna aliyebadili shilingi za Kenya sasa hivi. Watu wa karata tatu wanaijua barabara ya namna hiyo popote ilipo nchini. Stendi niliyowaona siitaji, maana kesho watakuwa kwingine.

Boksi limegeuzwa juu chini. Juu yake karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu. Kijana mwenye mikono myepesi anazirusha na kuimba, nyekundu inalipa, nyeusi inakula. Watu sita wamezunguka. Mmoja anaweka elfu kumi, anashinda. Mwingine anaweka, anashinda. Wa tatu anakosea kijinga kabisa, mpaka wewe unayepita unasema moyoni, mbona hata mimi nimeiona ilipo! Hapo ndipo umekwisha. Wale sita wote ni wa kampuni moja. Fedha unazoona zikishinda zinatoka mfuko mmoja na kurudi mfuko huo huo, na yule aliyekosea kijinga amelipwa akosee, ili wewe ujione mwerevu.

Mkono wenyewe hufanya hivi. Kijana ameshika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine kwa nafasi ndogo, na anakuonyesha kwamba nyekundu ni ile ya chini. Mkono ukishuka, kila jicho linatazamia ya chini ndiyo itangulie kuanguka, maana ndivyo vitu vinavyoanguka. Yeye anaiachia ya juu. Tangu hapo wewe unaifuata karata nyeusi kwa uaminifu mkubwa, zunguka huku, zunguka kule, na macho yako hayakukosea hata mara moja. Yalikosea mwanzoni tu.

Na kama bado unasita, kuna pembe. Kijana anageuka kidogo kupokea sigara, na mmoja wa wale sita anaikunja haraka pembe ya nyekundu, anakukonyeza. Sasa unajiona una siri. Hapo watu hutoa fedha ya ada ya mtoto. Kumbe katika kuzirusha, kidole cha yule kijana kimeinyosha pembe ya nyekundu na kukunja pembe ya nyeusi. Mtego huu ni mbaya kuliko wote kwa kuwa unamnasa yule aliyedhani anamwibia mwizi, na mtu wa namna hiyo haendi polisi kushitaki. Ataeleza nini? Akianza kupiga kelele, wa saba aliyesimama mbali atasema “Askari!”, boksi litapigwa teke, na baada ya nukta chache huwezi kuonyesha nani alikuwa nani.

Nimewahi kuulizwa kama mtu akiwa na macho makali sana anaweza kuwashinda. Hawezi. Hata akiibahatisha nyekundu, mpambe mmoja ataweka fedha kubwa zaidi juu yake na mchezo utahesabiwa wa huyo. Hakuna siku mgeni anapolipwa. Nilimweleza hivyo kijana mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja katika basi la kurudi Tarime. Aliniambia kaka yake alipoteza bei ya dume zima namna hiyo, akasema nyumbani kwamba ameporwa njiani. Wamekwenda kuwatafuta majambazi ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo turudi kwenye michezo yetu, na masharti yake machache. Usirudie mchezo ule ule mbele ya watu wale wale usiku mmoja. Mara ya kwanza wanatazama maajabu, mara ya pili wanatazama mikono. Usiwaambie mapema litakalotokea. Uliza swali wakati mkono wako una kazi, kwa sababu mtu anayejibu swali humtazama usoni anayemuuliza. Usicheze kwa fedha hata ya soda. Na akitokea mtu mzima akaogopa kweli, simamisha, mfunulie. Nimesema mzee aliuliza nilidaiwa nini. Wapo ambao hawaulizi.

Mchezo wa nne na wa mwisho niliubadili hadithi nikiwa huko huko. Wazungu husimulia majambazi wanne walioingia kwenye nyumba. Tarime na Serengeti hadithi ya nyumba haina mvuto. Nikafanya wezi wa ng'ombe, na hapakuwa na haja ya maelezo.

Toa ghulamu wote wanne. Toa na karata nyingine tatu zozote, ila hizi asizione mtu. Watandaze ghulamu wanne mkononi kama kipepeo, nyuso zikiwaelekea watazamaji, na zile tatu zifiche zikiwa zimebanana nyuma ya ghulamu wa mwisho, upande wako. Onyesha: “Hawa ni wezi wanne, wametoka ng'ambo ya mto.” Kunja kipepeo, karata zote saba zionekane kama nne, ziweke kifudifudi juu ya fungu. Sasa juu kabisa ziko zile tatu za bandia, na ghulamu wako chini yake. Hakuna ajuaye isipokuwa wewe.

Fungu lote ni boma. Chukua karata ya juu bila kuionyesha: “Mwizi wa kwanza aliingia kwa mlango wa nyuma,” uichomeke karibu na chini. Ya pili: “Huyu alitoboa ua,” ichomeke katikati. Ya tatu: “Huyu akapita kwenye zizi la ndama,” ichomeke juu kidogo ya hapo. Wa nne hakuingia, alibaki juu ya paa kutazama kama sungusungu wanakuja. Huyu unaweza kumfunua na kumwonyesha, kwa kuwa kweli ni ghulamu, na watu wakimwona huyu wanaamini na wale watatu. Mrudishe juu, kifudifudi.

Halafu yowe linapigwa. Waachie watoto walipige wao. Mugumu walilipiga mpaka mbwa wa mji wa pili wakaitika. Gonga fungu mara nne kwa kidole, wezi wanakimbilia juu ya paa, na unawafunua mmoja mmoja kutoka juu: ghulamu wa kopa, wa pao, wa uru, wa shupaza. Wakati wa kuzikunja zile saba ndipo pa kufanyia mazoezi, maana unene wake unaweza kukusaliti. Shika upande mfupi, kidole gumba nyuma, na sema jina la mwizi wa kwanza wakati huo huo, liwe jina la mtoto mmojawapo aliyekaa mbele. Wote watamgeukia yeye.